Maji ya Jana

Heddou alizaliwa juu kabisa ya bonde letu, mahali ambapo mto bado ni mwembamba kiasi cha kurukwa na mbuzi, na tangu utoto hakuwa mtu wa maneno mengi. Baba yake alikuwa mchungaji, mama yake mfumaji wa mazulia. Walijibana wakampeleka shule ya bweni, akafika chuo Marrakech, akasomea kompyuta, na sote tukajua hatutamwona tena isipokuwa siku za sikukuu. Akarudi. Nilimuuliza mara moja sababu, akanijibu kwamba mjini walimpa kazi ya kutunga programu za kuuzia viatu, na viatu alivyokuwa navyo vilimtosha. Mimi ni fundi wa redio katika ofisi ya maji ya bonde. Nimeoa hapa na nimezeekea hapa, na meza yangu ilikuwa ubavuni mwa meza yake miaka yote ile. Nikisema alikuwa mtu mwema simpambi. Lakini na yale mengine nitayasema.

Kazi yetu ilikuwa moja tu: mto ukivimba kule juu, watu wa chini wajue kabla maji hayajawafikia. Kule milimani kuna vipimo, kila kimoja kina boya linalopanda na kushuka pamoja na maji, na redio ya kutuma habari. Redio ni mimi. Ofisini kulikuwa na kompyuta moja, na ndani yake Heddou alitunga programu mbili. Ya kwanza aliiita Sikio, kazi yake kupokea habari za vipimo. Ya pili aliiita Mdomo, kazi yake kuonyesha kimo cha maji kwenye skrini na kupiga kengele kikipita mstari mwekundu. Nilimuuliza kwa nini asitunge moja ikafanya yote. Alinitazama kana kwamba nimemwambia apike supu ya harira na chai kwenye sufuria moja. Mdomo ukianguka, alisema, Sikio liendelee kusikia.

Shida, alinieleza, ni kwamba programu mbili zinazoendeshwa pamoja haziwezi kuchunguliana. Kompyuta huipa kila moja chumba chake cha kumbukumbu na kufunga mlango, moja isije ikavuruga vitu vya mwenzake. Ukitaka zipeane habari, lazima uiombe kompyuta yenyewe njia ya kupitishia. Heddou alichagua foleni. Sikio linaandika kikaratasi: maji yamefika kimo fulani, saa fulani. Linakitia kwenye foleni. Mdomo unachukua kikaratasi kilicho mbele, unakisoma, unafuata cha pili. Hakuna karatasi yoyote humo ndani, ni namna ya kusema, lakini alivyokuwa akisimulia na mikono yake ile mirefu ungedhani anaviona vikipita.

Mwaka wa kwanza ulikuwa wa aibu. Umeme wetu unakatika bila kuaga, na ukikatika vipimo vya juu vilikuwa vikilimbikiza habari zao, kisha umeme ukirudi vinazitapika zote kwa mpigo. Sikio likazipokea kwa utiifu, likazipanga kwenye foleni, na Mdomo ukazisoma kama za sasa hivi. King'ora kikalia juu ya mnara wa ofisi, bonde zima likapanda mlimani na magodoro na kuku, mbingu nyeupe, mto umelala. Yalikuwa maji ya jana. Likatokea mara ya pili, na ya tatu. Wanawake sokoni wakampata Heddou wakamkalia kooni. Mmoja akamuuliza, "Heddou wangu, hebu niambie, nguo za jana nizianike leo au nisubiri kesho?" Kicheko kilichofuata kilimsindikiza mpaka kwenye lango la ofisi.

Mkuu wa wilaya hakucheka. Aliamuru kwamba kuanzia hapo king'ora kisilie chenyewe. Mdomo upige kengele ndani ya ofisi tu, na mtu aliye zamu ndiye abonyeze king'ora kwa mkono wake. Ndivyo ami Bassou alivyoajiriwa. Alikuwa askari wa misitu mstaafu, mpole, mzito kidogo, na kazi yake ilikuwa kukaa kwenye kiti mbele ya skrini na kungoja kengele. Mkewe Mamass alimletea chakula kila siku adhuhuri, na kwa kuwa mlinzi hakumruhusu kuingia, alisimama langoni akapaza sauti, "We kiti! Toka uje ule!" Bassou alitoka akitabasamu kama bwana harusi. Sote tulimwita Kiti kwa ajili hiyo, na hakuchukia.

Heddou naye akatafuta dawa ya maji ya jana, na aliipata. Akaufundisha Mdomo kukumbuka saa ya kikaratasi cha mwisho ulichokisoma. Kikija kingine chenye saa ya nyuma ya hapo, ukichane bila kukisoma, maana ni habari iliyopitwa. Ili saa zisigombane, alifanya kila kipimo kule juu kifuate saa ya kompyuta ya ofisini. Sikuona kasoro, wala mkaguzi aliyetumwa kutoka mjini hakuiona. Umeme ukakatika, ukarudi, king'ora kikanyamaza, na wale wanawake wa sokoni wakaanza kumtafutia mchumba.

Mwaka ule Ramadhani iliangukia katikati ya kiangazi. Kwetu serikali hurudisha saa nyuma mwezi wa Ramadhani ukiingia, ili futari isichelewe mno, na kuipeleka mbele tena baada ya sikukuu. Simu zilijirudisha zenyewe, saa za ukutani tukazirudisha kwa mikono. Kompyuta ya kengele hakuna aliyeikumbuka. Siku ya kwanza ya mfungo, baada ya sala ya alasiri, joto la kupasua mawe, mkuu wetu wa ofisi, Si Abdelouahed (“Si” kwetu ni Bwana), alipita mbele ya skrini, akatazama saa iliyo pembeni, akashtuka kwa furaha. Alidhani imebaki kidogo tu kufuturu. Alipogundua ni skrini inayomdanganya alimwita Heddou, akamwambia, "Irudishe hiyo, mwanangu. Kiti huyu atafuturu kabla ya muadhini." Tukacheka, na Bassou akacheka pia. Heddou aliinama, akaurudisha mshale wa saa nyuma kwa saa nzima, akaaga, tukaenda makwetu kulala njaa yetu. Ofisini alibaki Bassou peke yake.

Alasiri hiyo mawingu yalipasukia milimani. Chini kwetu hatukuona hata tone. Watu walikuwa mtoni, kama kila siku ya mfungo wa kiangazi: wamekaa juu ya mawe, miguu majini, wanawake upande wao na watoto wamelowa mpaka shingoni, wakisubiri magharibi. Mamass alikuwepo, amekwenda kusuuza mboga za futari. Mto ulikuja na miti na mawe na mnyororo wa daraja. King'ora hakikulia kamwe.

Tulizika siku mbili mfululizo, na wengine hatukuwapata. Nilimshika Bassou mkono pale makaburini, kwa sababu hakuna mwingine aliyetaka kumshika. Bonde lilikuwa limeshajua. Mlinzi wa lango alikuwa amekimbilia ofisini alipowasikia watu wakipiga mayowe, akamkuta Bassou amejinyoosha kwenye mkeka, amelala. Yeye mwenyewe hakukataa. Aliniambia, bila kuniangalia, "Nililala, Larbi. Nililala fofofo. Sikusikia chochote, hata mbwa sikumsikia." Hapo kaburi la Mamass lilikuwa bado halijafunikwa vizuri.

Niliamini kama walivyoamini wote: kengele ililia, mzee akalala, watu wakafa. Aliyekuwa haamini ni Heddou. Kulikuwa na jambo moja lililomkera. Skrini, kwa maelezo ya mlinzi, ilibaki na kimo kile kile cha mchana muda wote mto ulipokuwa ukibomoa daraja. Kama Mdomo ulisoma habari za mafuriko, mbona haukuziandika? Alinituma kwenye kipimo kilicho karibu, kile ambacho maji hayakukivunja, nipige simu nikifika. Nilishuka mpaka kwenye matope, nikalishika boya kwa mikono yangu.

"Subiri," akasema kwenye simu. "Narudisha saa nyuma, kama siku ile. Haya, linyanyue."

Nililinyanyua mpaka juu ya mstari mwekundu, nikalishikilia pale. Nikamuuliza kama kengele inalia.

"Sikio limepokea," akasema. "Kikaratasi kimefika kwenye foleni. Mdomo umekichana."

"Kwa nini?"

"Saa yake ni ya nyuma, Larbi. Mdomo unadhani ni maji ya jana."

Niliporudi nilimkuta bado ameshika simu. Alinieleza polepole, kama mtu anayejisomea hukumu yake. Aliporudisha saa, Mdomo ulikuwa bado unaikumbuka ile ya mbele. Kila kikaratasi kilichokuja baada ya hapo kilionekana cha zamani, kikachanwa, kimoja baada ya kingine, mpaka saa ilipojifikia tena. Kwa muda wa saa nzima Sikio lilisikia kila kitu na Mdomo haukusema neno, na mafuriko yalipita ndani ya saa hiyo. Bassou angekuwa macho, amekodoa kwenye skrini bila kupepesa, angeona mto umetulia. Kengele haikulia. Mzee alilala, ndiyo, lakini usingizi wake haukumuua mtu.

Nilimwambia aende saa ile ile. Kule kwenye nyumba ya Bassou kuna mtu anayeamini kwamba amemuua mke wake, nikamwambia, na wewe ndiye peke yako uliye na neno la kumfungua. Akasema atakwenda, ila kwanza amweleze mkuu.

Hapo ndipo mambo yalipoharibika. Si Abdelouahed si mtu mbaya, na hilo ndilo linaloniudhi, maana mtu mbaya ungemtukana ukapumua. Alisikiliza, akafunga mlango, akasema kwamba Bassou mwenyewe amekiri kulala, na kulala zamu ni kosa, kengele ilie isilie. Ukisema haikulia, wataulizana nani alirudisha saa na nani aliagiza irudishwe. Kisha akasema lile lililomnasa Heddou: "Watazima mtambo wote. Bonde litabaki bila kitu, na masika haya hapa mlangoni. Unataka kumsafisha mzee mmoja kwa roho za watu wote waliobaki?"

Ningekuwa mimi ningempigia kelele. Heddou alikuwa mtu wa kufikiri, na mtu wa kufikiri ukimpa hoja nzuri umemfunga miguu. Aliamua atengeneze kwanza, ili mtambo usiwe na la kuzimwa, ndipo aseme. Akakaa na programu zake mwezi mzima wa Ramadhani. Akaufundisha Mdomo usitazame tena saa: kila kikaratasi akakipa namba, moja, mbili, tatu, na namba hairudi nyuma hata serikali ikiamuru. Ilikuwa rahisi kiasi kwamba aliponionyesha alitahayari. Nikamwambia ni nzuri, sasa twende. Akasema amalizie kuijaribu. Ngoja ngoja huumiza matumbo, na safari hii tumbo halikuwa lake.

Nilijaribu mwenyewe kwenda. Langoni kwa Bassou nilimkuta shemeji yake, Ighza, kaka wa Mamass, amekaa na fimbo akizuia wageni. Nikamweleza nilivyoweza, foleni, saa, Mdomo. Alinisikiliza mpaka mwisho kisha akatema mate pembeni. "Nyinyi wa ofisi mnafichiana. Kama kuna aliyetengeneza kitu hicho kikaharibika, aje yeye aseme kwa kinywa chake." Hakunifungulia. Sikuweza kumlaumu.

Wakati huo tume ya uchunguzi ilikaa. Walimuuliza Bassou kama kengele ililia. Mwanzo alisema lazima ililia, kwani kazi yake ni kulia. Wakamuuliza tena, wakamuuliza na siku ya pili, maswali yale yale yakigeuzwa huku na huku. Walimfuta kazi, na kesi ikapelekwa mahakamani isubiri. Msikitini safu ilikuwa ikiachia nafasi kulia na kushoto kwake. Watoto walipita ukutani kwake wakiiga sauti ya kengele, kisha wakikoroma. Yule mzee hakutoka kuwafukuza hata siku moja.

Sikukuu ilipofika, saa ikapelekwa mbele, Mdomo mpya haukutetereka, na Heddou akaishiwa visingizio. Alikuja kwangu amevaa kanzu mpya ambayo mama yake alimshonea, uso umemsinyaa. Ighza alipomwona ni yeye mwenyewe alisogeza fimbo.

Ndani hapakuwa na sahani ya biskuti wala mgeni. Bassou alitupokea kwa heshima zote, akatutandikia, akachemsha chai mwenyewe, akaweka sukari nyingi mno. Alikuwa amekonda hata shingo ya kanzu ilimzidi. Heddou hakuigusa glasi. Alieleza kila kitu tangu mwanzo, akichora kwenye zulia kwa kidole: hapa Sikio, hapa Mdomo, hapa katikati foleni, hapa saa niliyoirudisha mimi kwa mkono huu. Hakujitetea hata kwa neno moja. Alisema yuko tayari kuyasema hayo mahakamani, na mkuu afanye atakalo. Nilimwona Bassou anafuata kile kidole kwa macho, taratibu, na nikafikiri, alhamdulillahi, limefika.

"Kwa hiyo unasema kengele haikulia," Bassou akasema.

"Haikulia, ami. Wallahi haikulia. Hata ungekuwa macho usingejua."

Mzee akatikisa kichwa. "Lakini niliisikia."

Akaendelea kwa upole, kama anayemrekebisha mtoto. "Niliisikia, mwanangu. Ilianza, nikasema moyoni, ngoja kidogo. Nikageukia ukutani. Ikalia sana, kisha ikanyamaza. Hadi leo nikilala inalia hivyo hivyo."

Nikaingilia. Nilimkumbusha kwamba siku ya mazishi aliniambia kwa kinywa chake hakusikia chochote.

"Siku ile niliona haya, Larbi," akasema. "Ungesemaje mbele ya kaburi lake?"

Heddou alimshika mikono yote miwili. Akaanza upya, Sikio, Mdomo, foleni, akaapa kwa Mungu, akaapa kwa mama yake, sauti ikampanda mpaka Ighza akachungulia mlangoni. Kadiri alivyozidi kuapa ndivyo Bassou alivyozidi kumwonea huruma. Mwishowe alimwekea mkono kichwani.

"Mama yako kakulea vizuri," akamwambia. "Umeacha sikukuu yako ukaja kumpa mzee uongo ili apate usingizi. Mungu akulipe. Ila usiape tena namna hiyo, ni dhambi. Kunywa chai."

Heddou aliinama akalia, na aliyembembeleza ni Bassou. Nami nilikaa pale na glasi yangu, nimejaa hasira isiyo na pa kwenda. Mwezi mmoja nyuma mzee huyu angeamini. Mwezi mmoja nyuma alikuwa hajasikia chochote.

Heddou aliyasema mahakamani kama alivyoahidi. Wakaandika, wakamwita Bassou athibitishe, na Bassou akasimama mbele ya watu wote akawaambia kijana ana moyo mzuri lakini kengele aliisikia mwenyewe. Hakimu alikuwa na maneno ya mtunga programu upande huu, na kukiri kwa mshtakiwa upande ule. Si vigumu kujua alichagua lipi.

Lakini siku ile ya sikukuu ndiyo ninayoirudia. Tulipoaga, Bassou alitufuata mpaka nje, akamvuta Heddou pembeni, akainamisha sauti kama mtu anayetoa siri ya kazi.

"Huyo mliyempa zamu yangu," akasema, "mwambieni asitandike mkeka karibu na ukuta wa kaskazini. Kuna ubaridi pale, unaleta usingizi."